Michembe Aliyoipika Mama Mdogo

Jumamosi nyumbani kwetu Kasoli haikuwa siku ya kulala. Kabla jua halijachomoza, Bibi Nyanjige alikuwa ameshaketi mlangoni pa stoo akigawa kazi. Baba alitangulia shambani. Mimi nilikwenda bombani mara mbili na ndoo kichwani, kisha nikafagia uwanja. Mdogo wangu Mboje, mwenye umri wa miaka mitano, kazi yake ilikuwa kufukuza kuku wasiingie jikoni, na hata hiyo aliifanya siku akijisikia.

Kazi ya kupika ilikuwa ya Mama Mdogo. Na kazi ya kumchunga Mama Mdogo nilijipa mwenyewe.

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi, Milembe, ni mtu wa kushuku. Hakuna aliyenifundisha. Chaki ikipotea darasani, kabla mwalimu hajauliza, mimi nimeshampata mwizi kichwani mwangu, na mara nyingi siye. Basi Baba alipomwoa Scola mwezi wa nane, miaka mitatu baada ya mama yetu kufariki, nilimpokea kwa macho yote mawili. Alitoka Lamadi, kwa watu wa samaki. Alikuwa mpole mno, na mimi upole wa namna ile siuamini. Aliongea na simu kwa sauti ya chini. Alikuwa na mkoba mdogo wa zipu ambao hakuuacha wazi hata siku moja. Sisi tukila, yeye anatutazama na kutabasamu. Anatabasamia nini? Mh! Mimi nilikuwa macho.

Bibi naye hakumkubali sana. Hakumtukana, lakini akimtaja alivuta midomo. "Watu wa ziwani," alikuwa akisema, "michembe wataijulia wapi?"

Na kwetu Usukumani michembe si jambo la mchezo. Viazi vitamu vikivunwa huachwa vinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juu ya jabali mpaka vikauke kabisa. Vipande hivyo ndivyo michembe. Huwekwa stoo kungojea miezi ya kulima, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado ni majani tu. Ukiichemsha ikalainika, ukatia karanga zilizotwangwa, mtu anakula mpaka anasahau alichokuwa amekasirikia. Bibi alijivunia michembe yake kuliko Baba alivyojivunia ng'ombe wake.

Mwishoni mwa Novemba tulimaliza kupanda pamba. Siku hiyohiyo Bibi akagundua kwamba panya wametoboa gunia la michembe.

"Milembe," aliniita, "chukua lile gunia lililokuwa na mahindi, kalifue bombani. Likikauka vizuri, hamishia michembe humo. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia nilisikia. Lakini bombani kulikuwa na foleni, na wenzangu walikuwa wanacheza rede kwa akina Ndaki. Kelele zao zilinifikia palepale nilipokuwa. Stoo kulikuwa na mfuko mweupe, mzima, usio na tundu hata moja. Ulikuwa mfuko wa mbegu za pamba ambao Baba aliurudisha kutoka shambani. Niliutoa nje, nikaugeuza ndani nje, nikaukung'uta mara tatu. Vumbi la rangi ya waridi lilipaa, nikapiga chafya. Nikamimina michembe yote humo, nikafunga kamba, mbio rede.

Jioni Bibi aliniuliza kama nimemaliza ile kazi. Nikamjibu kwamba nimemaliza. Sikuifikiria tena.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, Bibi alimwambia Mama Mdogo, "Leo tupikie michembe, tuone." Ile "tuone" ilikuwa na maneno mengi ndani yake. Mama Mdogo aliitikia, "Sawa, mayu," kwa heshima anayopewa mama huku kwetu, akaenda stoo kuchota.

Nilijibanza nyuma ya ukuta wa jiko nikapiga chabo kwenye ufa. Mama Mdogo aliloweka michembe kwenye beseni. Akayatazama maji, akasita, akayamwaga. Akatia mengine, akasugua kila kipande, akamwaga tena. Nikajiambia, huyu anasita nini? Akainjika sufuria. Michembe ilipoanza kulainika, alichungulia nje, kulia na kushoto, akafungua pindo la kanga yake, akatoa kifuko kidogo cha plastiki. Akamimina kitu cheupe ndani ya sufuria, akakoroga harakaharaka, kisha ndipo akatia karanga.

Nimemkamata!

Ningekuwa na akili timamu ningekataa kula. Lakini jamani, ile harufu ya karanga! Nilikula. Baba alikula, Bibi alikula akitafuta kosa asilione, na Mboje alikula sahani nzima, yeye ambaye siku tatu hizo alikuwa anasusa chakula. Mama Mdogo peke yake ndiye aliyekaa pembeni na kipande cha ugali wa jana.

"Wewe huli michembe yako?" Bibi alimuuliza.

"Nimeshiba, mayu."

Bibi akanitazama. Mimi nikamtazama Bibi.

Alasiri ya siku hiyo nilianza kusikia tumbo likinikata. Baba naye alirudi kutoka zizini ameshika tumbo. Lakini Mboje ndiye aliyetutisha. Tulimkuta nyuma ya stoo anatapika, jasho linamtoka, mate yanamchirizika mdomoni, na miguu haimshiki. Baba alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati.

"Scola, umempa nini mtoto?" Bibi alipiga kelele.

"Mayu, sikumpa kitu. Nimempa chakula mlichokula wote."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Nilimwona!" nikasema kwa nguvu ili majirani nao wasikie. "Nilimwona akitia kitu cheupe kwenye sufuria. Alikificha kwenye kanga!"

Mama Mdogo alinigeukia. "Milembe..." alianza, lakini Bibi hakumpa nafasi.

"Na ndiyo maana hukula! Looh! Mjukuu wangu akifa leo, wewe utaniambia nini?"

Mboje hakufa. Zahanati walimtundikia dripu na wakasema alale pale waendelee kumwangalia. Bibi aliwasimulia watu wote waliokuwa kwenye benchi kwamba mke wa mwanawe amemtilia mtoto kitu. Baba hakumtetea mkewe. Jioni alitumwa mtu kwa Baba Mkubwa Mayige, kaka yake Baba, kwamba kesho baada ya ibada kuna kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa moja: Scola arudishwe kwao Lamadi.

Sitawaficha, nilifurahi. Nilijiona shujaa aliyeiokoa familia yake.

Asubuhi ya Jumapili Bibi alinipa uji kwenye chupa ya chai niupeleke zahanati. Nilipokuwa natoka nilimkuta anaosha sufuria kubwa. Ameshaloweka michembe.

"Bibi, unapika michembe tena?" nilimuuliza.

"Wageni wangu watakula mawe? Michembe haina kosa, ng'wanone," alinijibu, akiniita mwanangu kwa Kisukuma kama afanyavyo akiwa ameridhika nami. "Kosa ni la mkono ulioipika."

Jibu lile niliona lina mantiki kabisa. Nikaenda zangu.

Zahanati nilimkuta Mboje ameketi kitandani, mnyonge lakini mzima. Nesi Mektilda, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anamtoa sindano ya dripu mkononi.

"Mwangaluka, nesi," nilimwamkia.

"Mwangaluka. Wewe ndiye Milembe, dada yake? Vizuri, keti. Nilikuwa naongea na mwanaume wangu hapa." Akamgeukia Mboje. "Haya, jana ulikula nini zaidi ya kile chakula cha mchana?"

"Michembe," Mboje alijibu.

"Hiyo iliyopikwa najua. Kingine?"

"Michembe mikavu. Nilichukua stoo, nikajaza mfukoni." Watoto wa kwetu wote hutafuna michembe mikavu, mimi pia nimetafuna sana. Mboje akaongeza kwa majivuno, "Nilichagua ile ya pinki tu. Ndiyo mizuri."

Nesi Mektilda aliacha alichokuwa anafanya. "Michembe ya pinki? Tangu lini michembe ikawa ya pinki?" Akanitazama usoni. "Milembe, kwenu mnaiweka michembe kwenye nini?"

Niliona lile vumbi likipaa mbele ya macho yangu, nikakumbuka hata ile chafya. Nikajibu, "Sijui."

"Sikiliza," alisema nesi, bado kwa taratibu. "Mbegu za pamba hupakwa dawa ya kuua wadudu. Ile rangi inatiwa makusudi, ili kila mtu ajue kwamba hii si ya kula. Mfuko wake hata ukiukung'uta, hata ukiufua, hauwekwi chakula. Jana nilimuuliza bibi yako habari za dawa za shamba, akaniambia mtoto ametiliwa kitu na mke wa baba yake, hakutaka nimuulize zaidi. Sasa nakuuliza wewe. Kama kuna mtu ameweka michembe kwenye mfuko huo, niambie. Iliyobaki iko wapi?"

Nilitazama sakafu. Mambo mawili yalikuwa yanapigana ndani yangu. Nikinyamaza, leo hii Mama Mdogo anaondoka na mkoba wake wa zipu, nami nabaki shujaa. Nikisema, kila mtu atajua kwamba niliyemtia sumu mdogo wangu ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Kusema kweli nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

Kisha nikaiona kichwani ile sufuria kubwa ya Bibi.

"Nesi," nikasema, "ni mimi. Bibi aliniambia nifue gunia, nikaona uvivu. Niliitia kwenye mfuko wa mbegu. Na sasa hivi Bibi anawapikia watu wa kikao."

Nesi Mektilda hakunigombeza. Alitoa simu akampigia Baba mara mbili. Haikupatikana, kwa sababu Baba Mkubwa Mayige akiongoza kikao hulazimisha watu wote wazime simu. "Kimbia," aliniambia. "Asile mtu hata kipande kimoja. Mimi natafuta wa kunishikia zamu, nakuja nyuma yako. Mboje yuko salama hapa."

Nilikimbia, maana nje hapakuwa na pikipiki hata moja. Kutoka zahanati hadi kwetu ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope. Kandambili moja ilikatika nikaiacha hapohapo barabarani. Watu waliotoka kanisani waliniuliza kuna nini, sikuwajibu. Nilikuwa nahesabu tu: karanga zinatiwa mwisho, akishatia karanga anaipua, akishaipua anapakua.

Nilipoingia uwanjani sahani zilikuwa zimeshagawiwa. Wazee walikaa kivulini mwa nyumba. Mama Mkubwa Elizabeth, mke wa Baba Mkubwa Mayige, alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Mama Mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka peke yake, ameinamisha kichwa, mkoba wake ubavuni, begi la nguo limefungwa. Na Baba Mkubwa alikuwa na kipande cha michembe mkononi, kinakwenda mdomoni.

"Msile!" nikapiga kelele. Nikaipiga sahani yake teke, michembe ikamwagika mchangani, na kile kipande kikamdondoka.

"Milembe! Una wazimu?" Baba aliinuka.

"Msile, ina sumu! Si yeye, ni mimi!" Nilisema yote palepale nikilia: foleni ya bombani, rede, mfuko wa mbegu, michembe ya pinki ya Mboje. Nilisema hata kwamba nilimjibu nesi "sijui".

Bibi aliinuka taratibu, akaingia stoo, akatoka akiburuta ule mfuko. Akaumimina juani. Michembe ya chini, iliyokaa kwenye pembe za mfuko, ilikuwa na madoa ya rangi ya waridi. Macho ya Bibi siku hizi hayaoni vizuri; aliokota kipande kimoja akakisogeza karibu kabisa na uso. Kisha akaketi chini mchangani, yeye ambaye hakai chini bila kutandikiwa.

Baba Mkubwa Mayige alikohoa. "Haya, hilo tumeelewa. Lakini kile kitu cheupe alichotia Scola ni nini?"

Mama Mdogo alifungua zipu ya mkoba, akatoa kifuko cha plastiki, akakiweka katikati ya mkeka. Mama Mkubwa Elizabeth alichovya kidole akaonja. "Sukari," alisema.

"Mboje alikuwa hali siku tatu," Mama Mdogo alisema. "Nikaona nikitia sukari kidogo atakula. Niliificha kwa sababu nilijua mayu atasema naharibu michembe."

Na kweli Bibi angesema. Kila mtu uwanjani pale alilijua hilo.

"Na kwa nini hukula?" Baba Mkubwa aliuliza, lakini sasa kwa sauti ya chini.

"Karanga zinanivimbisha midomo tangu utotoni. Mume wangu anajua."

Vichwa vyote vikamgeukia Baba. Baba alitazama mikono yake. "Ni kweli," alisema. "Nilijua. Sikusahau. Mama alikuwa amekasirika, nikaogopa kusema."

Nilidhani Mama Mdogo atanifokea. Nilitamani anifokee. Alinitazama tu, macho yamejaa machozi, akaniuliza, "Milembe, uliniona natia kitu kwenye chakula chenu. Kwa nini hukuniuliza?"

Niliketi mchangani, nikaanza kuokota michembe niliyoimwaga.

Nesi Mektilda alifika kwa bodaboda tukiwa bado tumekaa hivyo. Aliamuru michembe yote, iliyopikwa na mikavu, ifukiwe kwenye shimo refu mbali na kisima, mfuko nao, na tusimpe hata kuku. Alipoelezwa jinsi ilivyopikwa Jumamosi, aliuliza nani aliyeiosha mara mbili.

"Ni mimi," Mama Mdogo alisema. "Maji yalitoka na rangi. Nilidhani ni vumbi."

"Usingeimwaga ile rangi, mama, jana nisingepokea mgonjwa mmoja," nesi alisema. "Ningepokea wanne."

Kikao kikaisha bila mtu kukifunga. Bibi aliomba msamaha mbele ya wote, na Baba pia. Mama Mdogo alilirudisha begi ndani. Mimi niliandamana na Baba kuchimba shimo, nikafukia kazi ya Bibi ya msimu mzima. Hakuna aliyenichapa. Jembe lilinitoa malengelenge mikononi, na sikulalamika.

Jumamosi iliyofuata Mboje alikuwa amerudi na amechangamka. Mama Mkubwa Elizabeth alituletea ndoo ya michembe kutoka kwake. Bibi alimwambia Mama Mdogo aipike, tena bila karanga, watu watakula na maziwa. Alisema hivyo akitazama pembeni, lakini alisema.

Tukaketi. Mama Mdogo alileta sufuria, akapakua. Halafu, kabla hajampa mtu sahani, alichukua kijiko, akachota, akala mbele yetu. Akameza. Akaweka mikono magotini, akatulia, akingoja tumwone kwamba yu mzima. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mboje alinyoosha mkono kuchukua, Bibi akamzuia. Bibi alikuwa analia.

"Milembe, umeona?" aliniuliza. "Hii ndiyo kazi yetu, mimi na wewe. Sikiliza, ng'wanone. Kazi ukiifanya nusu, sema umeifanya nusu. Usiniambie umemaliza. Na ukimshuku mtu, muulize yeye mwenyewe kwanza, kabla hujawapa majirani maneno. Mimi nina miaka sabini na mbili, na hilo sikulifanya. Nilikuwa na uhakika wangu, na kwa uhakika huo nilitaka kuwalisha sumu watoto wangu mwenyewe." Kisha akamgeukia Mama Mdogo. "Scola, mwanangu, weka kijiko. Hapa hakuna wa kuonjewa."

Nilikichukua kijiko mkononi mwa Mama Mdogo, nikala mimi, kisha Bibi, kisha Baba. Alitutazama, akajaribu kutabasamu. Safari hii nilijua anatabasamia nini.

Hata hivyo kesho yake alionja tena kabla yetu, na keshokutwa. Kila siku nilimwomba asifanye, na kila siku aliitikia, "Sawa, Milembe," akaonja. Aliacha baada ya Pasaka.